Louis Leakey na taya la Kanam: Kidevu kilichowagawanya wataalamu

MACHI 29, 1932, katika makorongo ya Kanam chini ya Mlima Homa, Juma Gitau alikuwa akichimba mahali palipotoka jino la mnyama mkubwa wa kale. Alitoa bonge la mawe ya chokaa, akalipasua, na jino jingine dogo likachungulia. Alidhani ni la nyani. Alimpelekea Donald MacInnes, mmoja wa wanasayansi wa msafara ule, naye alipolitazama aling'amua kwamba lilikuwa jino la binadamu. Bonge liliposafishwa, kilichobaki mkononi kilikuwa kipande cha mbele cha taya la chini, kikiwa na meno machache tu na mfupa ulionenepa mahali pa kidevu.

Kiongozi wa msafara huo, Louis Seymour Bazett Leakey, alikuwa na umri wa miaka 28. Kipande hicho kilimpa sifa kubwa mjini Cambridge kabla hajatimiza miaka 30, kisha katika muda wa miaka miwili kikamletea aibu iliyokaribia kumfukuza kabisa katika fani aliyoipenda. Kidevu cha Kanam kilikuwa kimeibua swali ambalo hadi leo hakuna anayeweza kuokota mfupa wa kale katika kaunti za Homa Bay na Migori na kulikwepa. Mfupa ukionekana tofauti na mingine, je, tofauti hiyo imeletwa na nasaba, yaani mabadiliko yaliyorithiwa na kulimbikana vizazi kwa vizazi, au imeletwa na maisha ya kiumbe yule mmoja, chakula chake, maji aliyoyanywa, maradhi na ajali zilizompata?

Leakey alizaliwa Agosti 7, 1903 huko Kabete, kwa wazazi Waingereza waliokuwa wamisionari wa Kanisa la Anglikana. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akapashwa tohara pamoja na rika lake na kupewa jina la Wakaruigi. Kikuyu alikizungumza kama mwenyeji, hata alipojiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge akaitumia lugha hiyo kutimiza masharti ya masomo, jambo lililowatatiza wakuu wa chuo kwa kuwa hawakuwa na wa kumtahini. Mnamo 1923 aliumia kichwani akicheza raga, akashauriwa apumzike masomo. Badala ya kupumzika alijiunga na msafara wa kutafuta mifupa ya dinosari huko Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, na huko akajifunza kazi ya kuchimba.

Alirejea Kenya mwaka 1926 akiongoza msafara wake wa kwanza. Walimu wake wengi waliamini kwamba chimbuko la binadamu lilikuwa Asia. Leakey aliamini ni Afrika, na katika hilo historia imempa haki. Lakini alikuwa na imani ya pili, nayo ndiyo iliyomponza: alishika kwamba binadamu wa sura ya leo ni wa kale mno, na kwamba mafuvu mazito yenye nyusi nene yaliyokuwa yakipatikana Java na karibu na Peking yalikuwa ya matawi ya pembeni yaliyokauka. Mtu mwenye imani ya namna hiyo akiona kidevu ndani ya jiwe kongwe, ni vigumu sana kwake kukiangalia kwa jicho la mashaka.

Kilichomvuta hadi pwani ya Ziwa Victoria hakikuwa bahati nasibu. Kusini zaidi, Karungu, katika kaunti ambayo leo ni Migori, mifupa ya kale ilikuwa imeanza kuokotwa mwongo wa kwanza wa karne ya 20. Afisa mmoja wa utawala wa kikoloni, D. B. Pigott, alikuwa miongoni mwa waokotaji hao wa mwanzo, na masimulizi ya enzi hizo yanasema aliishia kuuawa na mamba. Mwaka 1911 mtaalamu wa London aliutangaza ulimwenguni mnyama wa Karungu aliyeitwa Deinotherium hobleyi, jina la pili likiwa heshima kwa C. W. Hobley, afisa mkuu wa serikali aliyeipeleka mifupa hiyo Uingereza. Alikuwa jamaa wa tembo, ila pembe zake ziliota kwenye taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Mwaka huo huo mwanajiolojia Felix Oswald alitumwa Karungu kukusanya zaidi, akafanya kazi karibu peke yake katika nchi iliyokuwa imehamwa na watu kwa hofu ya ugonjwa wa malale.

Mnyama huyo wa Karungu ndiye aliyetumika kama kalenda. Katika makorongo ya Kanam, Leakey na wenzake walipata masalia ya mnyama wa ukoo huo huo, na kwa kuwa ukoo wenyewe ulikuwa umetoweka zamani, ilionekana wazi kwamba tabaka lililomhifadhi ni la kale sana. Taya la binadamu lilitoka mahali hapo hapo. Kwa hesabu za Leakey, basi, mtu wa Kanam alitembea ufukweni pamoja na wanyama hao. Kilomita chache kutoka hapo, Kanjera, msafara uliokota vipande vya mafuvu ya watu kadhaa pamoja na shoka za mawe, na Leakey akaviona kuwa vya kale pia ingawa si kama Kanam.

Machi 1933 wataalamu walikutana Cambridge kuipima mifupa hiyo. Kamati zilizoundwa zilikubali kwa jumla yale aliyoyasema, na Leakey akalipa taya jina la spishi mpya, Homo kanamensis. Kiini cha hoja kilikuwa kidevu. Sokwe hana kidevu, wala binadamu wa kale sana hawana. Ni sisi tu tulio na mfupa unaotokeza mbele chini ya midomo. Kama Kanam ana kidevu, Leakey alihoji, basi Kanam ni babu yetu wa moja kwa moja.

Mashaka yalianzia kwenye udongo. Percy Boswell, profesa wa jiolojia wa London, hakuridhika na maelezo ya tabaka, na Leakey, kwa kujiamini, akamwalika aje kujionea mwenyewe. Boswell aliwasili mapema mwaka 1935. Ziara hiyo ilikuwa msiba mtupu. Mvua za miaka mitatu zilikuwa zimekwisha kuyabadilisha makorongo. Vigingi vya chuma ambavyo Leakey alivipigilia kuonyesha mahali pa kila mfupa havikuwepo tena. Wenyeji walikuwa wameving'oa, na si ajabu, kwani kwa mvuvi wa ghuba ile chuma kizuri ni ncha ya mkuki wa samaki. Kamera ya Leakey ilikuwa imeharibu picha zake, na picha aliyokuwa ameitumia Uingereza kuonyesha mahali pa taya ikagundulika kuwa ya korongo jingine. Boswell alitazama jinsi udongo wa mfinyanzi wa Kanam unavyoteleza na kuporomoka mteremkoni, ukichanganya la juu na la chini, akarudi London na kuandika katika jarida la Nature la Machi 1935 kwamba ushahidi haukutosha.

Pigo hilo lilikuja wakati mbaya. Ndoa ya Leakey na Frida, mke wake wa kwanza, ilikuwa inavunjika, na uhusiano wake na Mary Nicol, ambaye alimwoa mwishoni mwa 1936, ulikuwa umewachukiza wakubwa wa Cambridge. Nafasi ya kazi chuoni ilipotea. Wengi huieleza kadhia ya Kanam kama uzembe wa kijana aliyeshindwa kupiga picha na kuchora ramani, na kweli uzembe ulikuwepo. Ila hata kama vigingi vyote vingekutwa vimesimama, kidevu chenyewe kilikuwa na kasoro ambayo Boswell hakuwa na haja ya kuigusa.

Kasoro yenyewe ni kwamba taya la Kanam lilikuwa gonjwa. Tangu mwanzo ilionekana kwamba upande wa ndani, pale nusu mbili za taya zinapokutana, mfupa ulikuwa umefura. Matabibu walioonyeshwa miaka ile ya 1930 walifikiria saratani ya mfupa, na Leakey mwenyewe hakulificha jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1935. Alichokiamini yeye ni kwamba ugonjwa ulikuwa jambo moja na kidevu jambo la pili. Mwaka 1960 Phillip Tobias, mtaalamu wa Afrika Kusini, aliuchambua upya mfupa huo na kuonyesha kwamba mambo hayo mawili hayatenganiki. Uvimbe ulikaa palepale penye kidevu. Umbo la mbele haliwezi kuaminiwa, kwa kuwa hakuna ajuaye taya hilo lingekuwaje kama mwenyewe asingeugua.

Wapo waliofikiria baadaye kwamba chanzo hakikuwa saratani bali mfupa uliovunjika ukajaribu kujiunga vibaya. Mwaka 1975 mtafiti mmoja alipendekeza uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto inayofahamika sana kandokando ya Ziwa Victoria, ambayo huandamana na malaria kali. Pendekezo hilo lina utata wake, lakini linavutia fikira. Lingekuwa kweli, kile kilichosomwa Cambridge kama alama ya mababu kingekuwa alama ya mbu wa Nyanza. Vyovyote iwavyo, wataalamu hawalihesabu tena taya la Kanam kuwa spishi ya peke yake, na wengi wanaona ni la mtu wa enzi za karibu zaidi kuliko alivyodai Leakey.

Mafuvu ya Kanjera nayo yana kisa kinachofanana. Unene wa mifupa ya utosi uliwahi kuhesabiwa kuwa dalili ya ukale. Thomas Plummer na Richard Potts, Wamarekani waliorudi Kanjera miaka ya 1980 na kuandika matokeo yao mwaka 1995, waliona kwamba mafuvu hayo ni ya watu wa sura ya leo waliozikwa miaka ya karibu ndani ya udongo mkongwe. Unene, kwa maoni yao, ulielekea kuwa wa ugonjwa. Mtu anapoishiwa damu kwa muda mrefu, uboho hujitanua kutafuta nafasi ya kutengeneza damu zaidi, na tabaka la katikati la fuvu huvimba kama mkate wenye hamira. Katika nchi yenye malaria na selimundu, upungufu wa damu si jambo la kutafutwa mbali.

Mkulima wa Nyanza hahitaji darasa kulielewa hili. Mbegu moja ya mtama ikigawanywa, nusu ikapandwa kwenye udongo mweusi wa bonde na nusu kwenye kichanga cha mlimani, itazaa mashamba mawili ambayo mgeni angeapa ni ya mbegu mbili. Shida ya mchimbaji visukuku ni kwamba hana namna ya kuichukua ile mbegu na kuipanda tena. Anaoneshwa bua moja lililokauka, tena mara nyingi kipande cha bua, na kuulizwa ni mtama gani.

Ziwa lenyewe lilitoa funzo bora kuliko yote kuhusu jambo hili. Humphry Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi Jinja, Uganda, na ambaye pia alichunguza visukuku vya samaki kutoka kisiwa cha Rusinga, alimfuatilia samaki mdogo aitwaye Astatoreochromis alluaudi. Ndani ya Ziwa Victoria samaki huyo hula konokono, na mfupa wa kooni anaousagia ni mnene, umejaa meno bapa kama magego. Katika maziwa mengine madogo yenye konokono wachache mfupa huo ni mwembamba na meno ni membamba. Greenwood aliwalea samaki hao katika matangi ya vioo na kuwalisha chakula laini. Wakakua na mifupa myembamba, ingawa wazazi wao walikuwa wavunjaji wa konokono. Aliyaandika hayo mwaka 1965. Laiti mifupa hiyo ya aina mbili ingepatikana imegeuka mawe katika korongo la Karungu, mtu angeipa majina mawili ya spishi bila kusita, na angekuwa amekosea.

Leakey hakuwa mtu wa kukaa kimya na aibu yake. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifanya kazi ya ujasusi huku akisimamia Jumba la Makumbusho la Coryndon jijini Nairobi, na Januari 1947 akaandaa kongamano la kwanza la wataalamu wa historia ya kale ya Afrika nzima. Fedha alizokuja kupewa na mfanyabiashara Charles Boise zilimnunulia mashua, Miocene Lady, iliyowavusha yeye na Mary visiwani. Rusinga ndiko kulikomrudishia jina.

Oktoba 2, 1948, Louis akiwa ameinama juu ya masalia ya mamba wa kale, Mary, ambaye hakuwa na hamu na mamba, alitangatanga peke yake na kuona jino likichomoza kwenye mteremko. Nyuma yake palikuwa na uso na sehemu kubwa ya fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe, vipande zaidi ya 30, ambavyo yeye mwenyewe aliviunganisha kwa subira. Lilikuwa fuvu la Proconsul, kiumbe asiye na mkia aliyeishi miaka takriban milioni 18 iliyopita. Mary alisafiri nalo kwa ndege hadi London akilipakata, na waandishi wa habari walikuwa wakimngoja uwanjani.

Hapo swali la Kanam likarudi kwa sura nyingine. Mifupa ya sokwe wa Rusinga ilikuwa ya vimo tofauti. Mwaka 1951 Leakey na Wilfrid Le Gros Clark wa Oxford walichapisha kitabu kilichowagawa Proconsul wa Afrika Mashariki katika spishi tatu, africanus mdogo, nyanzae wa kati, na major mkubwa. Wawili wa kwanza walipatikana Rusinga. Lakini je, mkubwa na mdogo wa kisiwa kimoja ni spishi mbili, au ni dume na jike? Gorila dume huweza kuwa na uzito maradufu ya jike. Fuvu la Mary lenyewe lilikuwa limebonyezwa na uzito wa udongo hadi likapinda, na hiyo nayo ni tofauti isiyo ya nasaba wala ya maisha. Ni ya kaburi.

Ubishi huo ulifika kilele miaka ya 1980, zaidi ya mwongo mmoja baada ya Leakey kufariki. Baadhi walishikilia kwamba Rusinga ilikuwa na spishi moja yenye madume makubwa na majike madogo. Jibu lilitafutwa Kasawanga, eneo ambalo Wakenya wengi hulijua kwa sababu Tom Mboya amezikwa huko. Alan Walker na Mark Teaford walichimba hapo kuanzia 1984 wakapata mifupa ya Proconsul wasiopungua tisa, wadogo kwa wakubwa. Faida ya kuwa na tisa badala ya mmoja haina kifani. Ncha za mifupa ya mtoto hazijaungana na mhimili wake. Za mtu mzima zimeungana. Kwa hiyo mfupa mdogo wa aliyekwisha kukomaa hauwezi kusingiziwa utoto. Hesabu za uzito zilionyesha mdogo akiwa na takriban kilo 10 na mkubwa zaidi ya kilo 30, pengo pana kuliko la gorila dume na jike.

Mazingira nayo yalipimwa. Wawili hao wanatoka matabaka ya kisiwa kimoja, na mwaka 2014 ilitangazwa kwamba visiki na mizizi ya msitu wa kale, msitu wenyewe walioishi sokwe hao, ilikuwa imepatikana Rusinga pamoja na mifupa yao. Msitu mmoja na chakula cha jirani havielezi kwa urahisi tofauti ya kilo 20. Uamuzi wa Leakey wa mwaka 1951, kwamba ni spishi mbili, umesimama, ingawa majina yamebadilika. Mdogo wa Rusinga alipewa mwaka 1993 jina la heseloni kwa heshima ya Heselon Mukiri, aliyeanza kufanya kazi na Leakey tangu ujana wao na ambaye jicho lake liliokota visukuku ambavyo sifa zake zilikwenda kwa wengine. Mwaka 2015 kundi la watafiti lililowajumuisha Wakenya Fredrick Manthi na Emma Mbua liliwatenga sokwe wa Rusinga na Proconsul na kuwaita Ekembo, neno la Kisuba, lugha ya wenyeji wa visiwa vile.

Inafaa kuangalia kwa nini mtu yule yule alikosea Kanam na kupatia Rusinga, kwa maana tabia yake haikubadilika. Leakey alipenda kutoa majina mapya maisha yake yote. Mwaka 1959 Mary alipopata fuvu la Olduvai lilikuwa Zinjanthropus; mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza Homo habilis na kulaumiwa vikali na waliosema tofauti hizo ni za kawaida ndani ya spishi moja. Mwaka 1967 alidai kwamba baadhi ya mifupa ya Rusinga ni ya babu wa binadamu wa miaka milioni 20, dai ambalo halikudumu. Yeye alikuwa yule yule; kilichotofautiana ni mifupa. Kanam ilikuwa taya moja, la mtu mmoja, gonjwa, lisilo na mwenzake wa kulinganishwa naye. Rusinga ilitoa mamia ya vipande, vya watoto na wazee, kushoto na kulia. Sifa ya nasaba hujirudia kwa wengi. Jeraha na maradhi huwa ya mwenyewe. Leakey alipokuwa na wengi mkononi hata pupa yake haikumwangusha.

Maisha yake mengine yana madoa ambayo Wakenya hawajayasahau. Aliwajua Wakikuyu kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake na kuandika mengi juu yao, lakini alisimama upande wa serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau, na mwaka 1952 alikuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria, hadi mawakili wa utetezi walipomlalamikia akajiondoa. Kwa upande mwingine, ndiye aliyewatafutia Jane Goodall na Dian Fossey njia ya kwenda kuwachunguza sokwe na gorila walio hai, na nia yake ilitokana na mashaka ya mchimbaji: asiyejua jinsi wanyama hai wanavyotofautiana hawezi kuamua tofauti za waliokufa.

Makorongo ya Homa nayo hayakumwacha bure. Kanjera Kusini imetoa zana za mawe za takriban miaka milioni mbili, na mwaka 2023 Plummer na wenzake, wakiwemo Wakenya, walitangaza zana za Nyayanga, katika rasi hiyo hiyo ya Homa, zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni tatu, pamoja na magego mawili ya kiumbe wa jamii ya Paranthropus. Leakey alikuwa ametafuta mahali panapofaa. Safari hii kila kipande kilipimwa mahali kilipolala kabla ya kuinuliwa.

Mwaka 1981, katika pwani ya Ziwa Turkana, swali la Kanam liliwashika wengine. Peter Williamson alichapisha uchunguzi wa makombe ya konokono wa kale, akaonyesha maumbo yakibadilika ghafla kutoka tabaka moja hadi jingine, na kuyaita kuzaliwa kwa spishi mpya. Wapinzani wake walisema ziwa lilipungua, maji yakageuka, na makombe yakageuka pamoja na maji. Maji yaliporudi, maumbo ya zamani nayo yalirudi. Williamson alijibu kwamba mabadiliko yalidumu maelfu ya miaka, muda mrefu mno kwa konokono kuwa wanajikunja tu mbele ya shida. Ubishi huo haujapata mshindi anayekubaliwa na wote.

Leakey hakuishi kuuona. Mwishoni mwa Septemba 1972 mwanawe Richard, ambaye walikuwa wamekosana kwa muda mrefu, alimletea Nairobi fuvu lililookotwa mwezi uliotangulia na Bernard Ngeneo huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Lilikuwa na ubongo mkubwa na lilidhaniwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni mbili na nusu. Mzee alilishika kwa furaha. Baada ya miaka 40 ya kubishiwa, aliona ndani yake ule ukale wa binadamu alioutafuta Kanam. Siku chache baadaye, Oktoba 1, alifariki London kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 69, na mwili wake ukarudishwa kuzikwa Limuru karibu na wazazi wake.

Umri wa fuvu hilo baadaye ulipunguzwa hadi chini kidogo ya miaka milioni mbili. Wataalamu wakaanza kuulizana kama uso wake mpana ni wa spishi nyingine, Homo rudolfensis, au ni wa dume tu wa Homo habilis ile ile aliyoipa jina Leakey. Mwaka 2012 Meave Leakey, mke wa Richard, na wenzake walitangaza uso na mataya mengine kutoka eneo hilo yanayofanana na lile fuvu, nao wakahesabu kwamba ni spishi mbili. Wapo ambao bado hawajakubali.